Boma, Kalamu na Kaburi la Busoka

Daudi Mwangosi amezikwa Busoka, kijijini kwao, wilayani Rungwe. Aliuawa Jumapili ya tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, mkoani Iringa, akiwa kazini. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari Mkoa wa Iringa, na anatajwa kuwa mwandishi wa kwanza kuuawa akitekeleza kazi yake katika Tanzania huru. Kifo hicho kimeandikwa mara nyingi kama habari ya siasa za vyama, na mara nyingine kama kesi ya jinai iliyokwisha hukumiwa. Ni vyote viwili, lakini pia ni tukio la historia ndefu kuliko vyama vyetu vyote, na historia hiyo inaonekana vizuri zaidi mtu akisimama Tukuyu, makao ya wilaya ya Rungwe, kuliko akisimama Dar es Salaam. Tumezoea kupima uhuru wa habari kwa magazeti yaliyofungiwa, wahariri walioitwa wizarani na sheria zilizopitishwa bungeni. Vipimo hivyo ni vya kweli, ila vinapima nusu ya jambo. Nusu ya pili iko wilayani, pale mwandishi asiye na gari, asiye na mwanasheria na mara nyingi asiye na mkataba anapokutana uso kwa uso na mtu mwenye amri. Tangu boma la Wajerumani lijengwe Tukuyu hadi leo, mtu huyo mwenye amri amebadilishwa jina, bendera na lugha, lakini uwezo wake wa kuamua kipi kionekane na kipi kisionekane umepunguzwa kidogo sana.

Kabla ya kufika kwenye boma ni lazima kuiondoa dhana moja inayorudiwa sana: kwamba kumkosoa mkubwa hadharani ni desturi ya kigeni, na kwamba Mwafrika wa vijijini kwa asili hunyamaza mbele ya mtawala. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe dhana hiyo haisimami. Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi na kufanya utafiti katika wilaya hiyo kati ya 1934 na 1938, na maandishi ya Monica, hasa kitabu chake cha 1951 kuhusu vijiji vya marika, yanaeleza imani iliyokuwa na nguvu kubwa kuliko askari yeyote: pumzi ya watu. Mtu aliyewadharau wazazi wake, aliyewanyima wenzake chakula cha karamu au aliyevunja wajibu wa ujirani aliaminika kupatwa na baridi na homa kutokana na manung'uniko ya wanakijiji. Chifu, yaani malafyale, hakuwa nje ya nguvu hiyo. Watu wakubwa wa kijiji, mafumu, walikuwa na haki ya kumwambia alipokosea, na aliyewadharau aliogopa pumzi yao. Tiba nayo inafaa kuangaliwa kwa makini. Mgonjwa alitafuta kosa lake, akalikiri, akatoa ng'ombe au pombe, na watu wakakaa pamoja kuisema hasira yao waziwazi. Aliyekuwa na kinyongo alitakiwa akitamke. Kinyongo kilichofichwa ndicho kilichohesabiwa kuwa cha hatari, na kilichotamkwa kilifungua njia ya kupatana.

Sitaki kuupamba mfumo huo. Ulikuwa na upande wa kutisha: watu walituhumiwa uchawi, wengine walifukuzwa vijijini, na sauti ya wanawake na vijana haikuwa na uzito sawa na ya wazee. Hata hivyo unathibitisha jambo ambalo wapinzani wa uhuru wa habari hulikana, yaani kwamba jamii ya Rungwe ilikuwa na njia yake ya kumfikishia mtawala lawama, na ilitambua kuwa lawama inayozuiwa huozea ndani. Kilichokuja na ukoloni ni mtawala ambaye pumzi ya watu haikumfikia. Hakuishi kijijini, hakula karamu na jirani, na mshahara wake ulitoka mbali. Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, Waluteri wa Berlin wakafuata upande wa kusini, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani wakahamishia makao ya wilaya yao Tukuyu kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wakapaita Neu-Langenburg. Misheni zilileta shule na kitabu. Boma lilileta kodi, kazi ya lazima na kiboko. Msomaji wa kwanza wa Rungwe alizaliwa katikati ya hao wawili, na kila alichokipata kusoma kilikuwa kimepitia mkononi mwa mmoja wao.

Magazeti ya Kiswahili ya wakati huo yanathibitisha hivyo. Serikali ya Kijerumani ilikuwa na Kiongozi, lililochapwa Tanga hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipoliua, na misheni zilikuwa na ya kwao. Waingereza walipochukua nchi walianzisha Mambo Leo mwaka 1923, chini ya Idara ya Elimu, nalo likawa gazeti lililosomwa kuliko mengine kwa miongo mitatu. Ukurasa wake wenye uhai zaidi ulikuwa ule wa habari kutoka miji na wilaya. Walimu, makarani na wakulima waliojua kuandika walituma barua juu ya mvua, mavuno, ndoa, vifo, wageni waliopita na simba aliyeonekana. Barua hizo ndizo mwanzo wa kazi ya mwandishi wa mkoani katika nchi yetu, nami naamini zinastahili heshima kubwa kuliko zinayopewa. Walakini mipaka yake ni wazi. Gazeti lilikuwa la serikali, na katika wilaya kama Rungwe Mkuu wa Wilaya Mwingereza alikuwa mkusanya kodi, hakimu, msimamizi wa polisi na mwajiri kwa wakati mmoja. Mwalimu aliyetaka kuandika kwamba karani wa kodi amekula fedha za watu alijua kuwa malalamiko yake yangerudi Tukuyu, kwenye meza ya mtu yuleyule aliyemwajiri karani. Hakuna sheria iliyohitajika ili barua hiyo isiandikwe. Kitabu cha sheria kilikuja kuongezwa juu ya hali iliyokuwapo tayari.

Kitabu hicho kilianza na Sheria ya Magazeti ya 1928, iliyowataka wachapishaji wajisajili serikalini. Sheria hiyo ilimlenga mwenye mtambo na mhariri, watu wa Dar es Salaam na miji michache, na ndiyo maana historia ya uhuru wa habari imezoea kuandikwa kama historia ya Dar es Salaam: Erica Fiah na gazeti lake la Kwetu mwaka 1937, kisha magazeti ya wakati wa kudai uhuru. Ila angalia kwa makini mwaka 1958, mwaka ambao serikali ya kikoloni ilizigeukia kalamu za Waafrika kwa ukali. Wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashid Bagdelleh, walifungwa kwa uchochezi. Mwaka huohuo Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa ya jinai kwa sababu ya makala aliyoiandika katika Sauti ya TANU. Makala hiyo haikumtukana Malkia wala Gavana. Ilisema jinsi wakuu wawili wa wilaya walivyokuwa wakitumia vibaya madaraka yao dhidi ya wananchi. Mahakama ilimtia hatiani na kumpa achague faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, naye akalipa faini. Mtu aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa nchi hii aliwahi kuhukumiwa kwa kosa la kuandika juu ya mabwana wa boma. Utawala ule uliweza kuvumilia mabishano kuhusu katiba na tarehe ya uhuru, lakini ulipoona jina la Mkuu wa Wilaya gazetini ulikimbilia mahakamani.

Mtu angetegemea kwamba viongozi waliopita katika tanuri hilo wangekuja kulivunja boma kwa maana yake ya utawala. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na mafumu na malafyale wakapoteza nafasi yao ya kisheria. Boma halikufutwa. Kuanzia 1962 nafasi ya Mkuu wa Wilaya wa kikoloni ilichukuliwa na mteule wa kisiasa ambaye papo hapo alikuwa katibu wa TANU wa wilaya. Kwa hoja ya kujenga taifa, mpango huo ulieleweka: nchi ilikuwa changa, wasomi wachache, na chama ndicho kilichokuwa na mtandao hadi kijijini. Kwa upande wa habari matokeo yake yalikuwa mazito. Mtu aliyewakilisha serikali, chama na ulinzi wilayani alikuwa mmoja, na magazeti yaliyobaki baada ya kutaifishwa kwa gazeti la Standard mwaka 1970 yalikuwa kwa sehemu kubwa ya serikali au ya chama. Shirika la habari la taifa, Shihata, lilipoanzishwa kwa sheria ya 1976, lilipeleka waandishi mikoani kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana, nalo ni jambo jema kwa msomaji wa Tukuyu aliyetaka habari za Kigoma au Lindi. Ila waandishi hao walikuwa watumishi wa umma, na habari za chai, kahawa, ndizi na vijiji vya ujamaa ziliandikwa chini ya kivuli cha ofisi ileile iliyopaswa kuulizwa maswali. Sheria ya Magazeti ya mwaka huohuo ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti kwa maslahi ya umma kama alivyoyaona yeye. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoshauri nchi irudi kwenye vyama vingi, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 kandamizi. Iliendelea kutumika hadi 2016.

Mageuzi hayo ya vyama vingi yalileta magazeti binafsi, redio na televisheni kwa kasi, na hapo ndipo mwandishi wa mkoani tunayemjua leo alipozaliwa. Kampuni za Dar es Salaam zilihitaji habari za mikoani bila kutaka kubeba gharama za kuwa na ofisi huko, kwa hiyo zikaajiri kwa mtindo wa kulipa kwa habari iliyotoka. Habari isiyotoka haina malipo. Nauli, simu na chakula ni juu ya mwandishi. Klabu za waandishi za mikoa, zilizoungana katika umoja wao, UTPC, mwaka 1996, zilianza kwa sehemu kubwa ili kuwapa watu hawa kompyuta ya kuchangia na paa la kukutania. Wakati hayo yakitokea, Bunge lilipitisha Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Kifungu chake cha 7 kinampa Mkuu wa Mkoa, na cha 15 kinampa Mkuu wa Wilaya, uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa mahabusu hadi saa 48 akiona kwamba mtu huyo anaweza kuvunja amani. Sheria hiyo haitaji magazeti popote, na wanasheria wa habari hawakuisumbukia sana ilipopita. Lakini kwa mwandishi wa wilayani ina uzito kuliko sheria zote za magazeti, kwa sababu inatumika siku hiyohiyo, mahali hapohapo, na mtu yuleyule aliyeulizwa swali. Mwezi Desemba 2016 mwandishi wa ITV mkoani Arusha alikamatwa kwa amri ya Mkuu wa Wilaya ya Arumeru baada ya kuripoti mgogoro wa maji wilayani humo. Maji ya wanakijiji ni habari ya kawaida kabisa ya wilayani, ya aina ambayo msomaji wa Mambo Leo angeielewa mara moja.

Hii ndiyo hali iliyokuwapo Nyololo. Chama cha upinzani, Chadema, kilikuwa kikizunguka mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kufungua matawi. Polisi walisema shughuli za kisiasa zimesimamishwa mpaka sensa ya watu, iliyokuwa imeongezewa muda, imalizike. Waandishi wa Iringa walikwenda kijijini kuandika kitakachotokea, kama kazi yao inavyowataka, na kamanda wa polisi wa mkoa alikuwapo yeye mwenyewe. Polisi waliwatawanya watu. Mwandishi wa Nipashe alipigwa, Mwangosi akawaendea askari kumtetea mwenzake, nao wakamzunguka. Tunajua kilichofuata kwa sababu Joseph Senga, mpigapicha wa Tanzania Daima, aliendelea kupiga picha. Katika picha yake iliyojulikana zaidi askari wenye kofia ngumu, ngao na virungu wamemzingira mtu mmoja aliyeanguka miguuni mwao, na mtutu wa bunduki ya mabomu ya machozi umeelekezwa kwake kwa karibu sana. Bomu lililofyatuliwa lilimpasua tumbo. Maelezo ya awali ya polisi yalikuwa kwamba kuna kitu kilichorushwa kutoka upande wa wafuasi wa chama. Picha ya Senga iliyazima maelezo hayo. Bila kamera ile, ripoti ya boma ingebaki kuwa historia pekee ya siku hiyo, na kijiji cha Busoka kingezika mtu aliyeuawa na umati.

Uchunguzi ulifanyika, na haifai kusema kwamba serikali ilikaa kimya. Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati chini ya Jaji mstaafu Stephen Ihema. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilifanya uchunguzi wake, ikasema haki za binadamu na misingi ya utawala bora vilikiukwa. Baraza la Habari Tanzania pamoja na Jukwaa la Wahariri walifanya wa kwao, wakafikia kusema kwamba mauaji yalitendeka chini ya usimamizi wa kamanda wa mkoa. Mwezi Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja, Pasificus Cleophace Simon, kwa kuua bila kukusudia, na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Ndiye pekee. Hakuna aliyekuwa na cheo cha kutoa amri siku ile aliyesimama kizimbani. Hapa ndipo wanaotetea utaratibu uliopo husema: kosa lilikuwa la askari mmoja, sheria ikachukua mkondo wake, basi. Ningekubali kama tukio lingekuwa limesimama peke yake. Lakini askari yule hakujipeleka Nyololo. Alikuwa katika kikosi, kikosi kilikuwa na mkubwa, mkubwa alikuwa amefanya uamuzi juu ya nani aruhusiwe kukutana na nani aruhusiwe kuangalia. Mahakama ya jinai huuliza kidole cha nani kilivuta. Swali la nani aliamua kwamba mwandishi ni sehemu ya umati wa kutawanywa ni la utawala, na utawala wenyewe haujalijibu.

Kuna pingamizi jingine, la kunong'onwa zaidi kuliko kuandikwa, kwamba waandishi wa mikoani wamejiingiza mno katika siasa, kwamba hupanda magari ya vyama na kupokea bahasha, na kwa hiyo wanapopigwa katika mikutano ya vyama hupigwa kama wanasiasa. Sehemu ya kwanza ya pingamizi hili ina ukweli, na wenye taaluma wanapaswa kuukubali bila kuzungusha. Bahasha ipo. Gari la chama au la halmashauri mara nyingi ndiyo njia pekee ya kufika kijijini. Ila uchunguze ukweli huo unatoka wapi. Mtu anayelipwa kwa habari moja kiasi kisichotosha nauli ya kutoka Tukuyu mjini hadi Mwakaleli na kurudi ana njia tatu tu: asiende, aende kwa fedha yake na kupata hasara, au aende kwa fedha ya mwenye habari. Mwenye chombo cha habari anayejua hivyo na kuendelea kulipa hivyo amechagua ile ya tatu kwa niaba ya mwandishi wake. Umaskini huo ni shinikizo kamili, ni mkono uleule unaomkaba mwandishi kabla polisi hawajafika, kwa sababu mwandishi anayesafiri na msafara wa mkuu hataandika juu ya mkuu, na anayesafiri na msafara wa chama ataonekana na polisi kuwa mwanachama. Ama hiyo sehemu ya pili ya pingamizi, kwamba ukosefu wa maadili hupunguza haki ya mtu kuishi, haina msingi katika sheria yoyote ya nchi hii wala katika dini yoyote inayofundishwa Rungwe.

Baada ya Nyololo, ushahidi kwamba hatari ya kazi hii iko wilayani umeongezeka. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi kutoka Kibiti, mkoani Pwani, alitoweka tarehe 21 Novemba 2017. Alikuwa akiandika juu ya mauaji ya viongozi wa vijiji, wananchi na askari yaliyokuwa yakiendelea wilayani humo. Hakurudi nyumbani. Mwaka 2019 waziri wa mambo ya nje wa wakati huo, akihojiwa na BBC, alisema maneno yaliyoeleweka kuwa Gwanda amekufa, kisha akayakanusha. Familia haijapewa jibu lililonyooka. Gwanda na Mwangosi wanafanana kwa jambo ambalo halitajwi vya kutosha: hakuna kati yao aliyekuwa mhariri, mmiliki wala mchambuzi maarufu. Walikuwa watu waliotuma habari. Wahariri wakubwa wa Dar es Salaam nao wameumizwa, na vibaya: Saed Kubenea alimwagiwa tindikali Januari 2008, Absalom Kibanda akashambuliwa Machi 2013 na kupoteza jicho. Lakini mhariri akiguswa, nchi nzima inajua kabla ya asubuhi. Mwandishi wa wilayani anaweza kutishwa, kunyang'anywa kamera, kulazwa mahabusu siku mbili na kuachiwa bila mashitaka, na habari hiyo isifike hata kwenye gazeti lake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akilitumia habari kutoka huko.

Nasikia pia hoja ya wale wanaosema hali imebadilika. Katika mambo kadhaa wana haki. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliamua Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka mkataba wa jumuiya, na Bunge likairekebisha sheria hiyo mwaka 2023. Magazeti yaliyofungiwa yalirudishiwa leseni. Redio za jamii zimeenea. Tukuyu ina Chai FM, iliyobeba jina la zao linaloiendesha wilaya, na mtu wa Kiwira au Lwangwa anaweza kusikia habari za kata yake kwa namna ambayo babu yake hakuiota. Haya ni mafanikio, na walioyapigania wanastahili kupongezwa. Lakini kila mageuzi niliyoyataja yanahusu leseni, mmiliki na mahakama ya juu. Hakuna hata moja linalogusa saa 48 za Mkuu wa Wilaya, na hakuna linalomlazimisha mwenye chombo cha habari kumpa mkataba mwandishi wake aliye mkoani. Halafu tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na kubaki imezimwa kwa siku kadhaa, katika wiki ambayo watu waliuawa mitaani. Kwa mwandishi wa wilayani, ambaye ofisi yake ni simu ya mkononi, hiyo ilikuwa ni amri ya kunyamaza iliyotolewa kwa wote kwa pamoja. Hata picha kama ile ya Senga, kama ilipigwa mahali fulani siku hiyo, haikuwa na pa kupitia.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni mahususi, na inaweza kutajwa kwa namba. Kifungu cha 7 na cha 15 cha Sheria ya Tawala za Mikoa vifutwe, au angalau amri yoyote inayotolewa chini yake iandikwe, isainiwe na kupelekwa kwa hakimu siku hiyohiyo, ili mtoa amri aeleze alichokiogopa. Jeshi la Polisi litamke kwa maandishi kwamba mwandishi aliye kwenye mkutano, hata mkutano uliopigwa marufuku, si sehemu ya mkutano huo, na kamanda anayemchukulia hivyo awajibike kwa cheo chake. Kampuni za habari zinazotumia jina la mwandishi wa mkoani ziandikiane mkataba naye na kumkatia bima. Rungwe ina majimbo mawili ya uchaguzi, Rungwe na Busokelo, na mbunge yeyote kati ya wawili hao anaweza kuwasilisha muswada binafsi. Wapiga kura wao wana kila sababu ya kuwauliza, katika mkutano ujao wa hadhara, kwa nini hawajafanya hivyo.